Msasa wa Nyuma ya Karakana

Mti wetu unaitwa msasa, na ukitaka kujua kwa nini, shika jani lake. Linakwaruza kama ulimi wa paka. Mama ni seremala, na viti vyake vyote analainishia majani hayo. Karatasi ya dukani, anasema, ni ya wavivu. Mchumaji ni mimi. Tangu matokeo ya shule yanitupe nje, kazi yangu ndiyo hiyo. Watu wanacheka. Wacheke.

Sasa mwenye nyumba akataka pa kuegeshea lori lake. Jumanne asubuhi akaja na mkata miti, jamaa kifua kama kabati. Mti umeinamia paa, kwa hiyo lazima ukatwe tawi kwa tawi kuanzia juu, la sivyo unabomoa nyumba. Jamaa akavua shati tumuone misuli.

"Kaka, vaa shati," nikamwambia.

"Dogo, nimeanza kupanda miti wewe hujazaliwa."

Haya. Hakufika hata tawi la tatu. Alishuka anatukana, kifua na tumbo vimekwanguka, vyekundu, anajikuna kama mbwa mwenye viroboto. Mama akaingia ndani kucheka. Jamaa akabeba panga lake, huyo, akaondoka.

Mwenye nyumba akanigeukia, sauti asali tupu.

"Mwanangu, huu mti unaujua. Uangushe, Jumatatu unaanza kazi dukani kwangu. Kaunta, kiti cha kuzunguka, mshahara kila mwezi."

Mama alikuwa ametoka tena, randa mkononi. Akaanza kupangusa vumbi kwenye randa. Hapo ndipo paliponiuma, bora angesema kataa. Miezi minane nimezunguka na bahasha ya vyeti. Halafu kiti cha kuzunguka, jamani!

"Mzee wangu, nakuheshimu, lakini siukati."

"Wewe una akili kweli?"

"Matokeo yalisema sina."

Nikavaa ovaroli ya mama, nikatupia kikapu begani, nikapanda. Akadhani nimebadili mawazo. "Anza na lile kubwa!" Mimi nikaanza kuchuma majani, moja moja, bila haraka. Tulikuwa na viti kumi na viwili vya kumalizia.

"Shuka!"

"Panda unishushe!"

Akalitazama shina. Akaitazama mikono yake, shati la mikono mifupi, jeupe.

Chini kule mama akapaza sauti: "Chuma yaliyokomaa, ndiyo makali!"