Fungua Mdomo

Mama hunipokea mlangoni kwa pua. Sijavua hata viatu, ananiambia, "Fungua mdomo." Nafungua. Mimi ni fundi rangi, narudi nanuka thina toka nywele hadi soksi, lakini yeye anajua kupekua chini ya thina. Baba alikuwa mlevi. Akaapa ameacha, macho yakageuka njano, Mama akamfungashia virago. Akafia kwa shangazi, bado anaapa. Nami niliwahi kuonja, nikaacha. Mama akasema nikirudia, nihame.

Jioni moja hakuninusa. Alinitazama macho tu, yamegeuka njano kama ya Baba, akaenda kutia nguo zangu kwenye mfuko.

"Mama, sijanywa."

"Baba yako alisema hivyo hivyo. Na sauti ndiyo hiyo."

Sikubishana. Maumivu yalikuwa yananikata chini ya mbavu za kulia. Nikakaa sakafuni, nikautazama ule mfuko kama wa mpangaji wa jirani. Dada ndiye aliyenikokota hospitali.

Daktari alinipaka kitu cha baridi tumboni, akapitisha kipimo, akamwita mwenzake.

"Kinatembea hiki."

"Nini?" dada akauliza.

"Mnyoo. Wenzake wametulia utumboni, huyu kapanda ghorofani. Kaingia kwenye mrija wa nyongo, kauziba. Ndiyo hiyo njano."

"Si pombe?"

"Pombe haina mkia, dada yangu."

Wakanipiga ganzi ya koo, wakaingiza mpira wenye kamera mdomoni, wakamvuta. Nilimwona kwenye skrini akitoka taratibu, mweupe, mrefu kama kamba ya kiatu. Nilingoja nione kinyaa, au nifurahi. Hola. Wakanipa vidonge vya kuwamaliza waliobaki. Nikaomba wanitilie yule mnyoo kwenye kichupa.

Nyumbani nilikiweka mezani. Dada akaeleza yote. Mama akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Na huyu anaweza kumwingia mtu yeyote?"

"Yeyote," dada akajibu.

"Hata mtu aliyeacha pombe?"

Dada akanitazama. Mimi nikatazama ukuta. Rangi ilishaanza kubanduka pembeni.

Nguo zangu zilirudi kabatini, zimekunjwa vizuri kuliko mwanzo.

Siku niliyorudi kazini, jioni nilisimama mlangoni kama kawaida, mdomo wazi. Nikangoja. Mama alikuwa amekaa pale pale dirishani, kichupa mkononi, anakigeuza, anakigeuza tena.

Nikafunga mdomo, nikavua viatu.