Saini ya Mwimbaji wa Gitaa Kavu

"Haki ya Mungu, mwanangu, sijatia chumvi hata punje. Kama ni uongo, ulimi huu ukauke."

Fundi bomba mstaafu aliilaza santuri juu ya kaunta kama anayelaza mtoto aliyesinzia. Mwenye duka, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Santuri, alivaa miwani.

"Nilikwenda kumzibia mwimbaji huyu bomba jikoni kwake. Maji yako magotini, mwenyewe amekaa juu ya meza anapiga gitaa! Nikamwambia, bwana mkubwa, shuka unishikie spana. Akashuka! Tulipomaliza akatia saini jalada. Tazama."

Saini ile alikuwa ameichora yeye mwenyewe asubuhi, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Mkewe alikuwa amelazwa hospitali. Mtoto wa jicho alikwisha kulifunika jicho moja, na la pili lilikuwa njiani. Lenzi ya upasuaji isipolipiwa kabla ya saa kumi, nafasi yake atapewa mwingine, naye atarudi kwenye foleni ya miezi sita. Redio ilishauzwa. Cherehani ilishauzwa. Ilibaki santuri hii tu, mtu mmoja na gitaa lake kavu, nyimbo za mashamba na safari, ambazo mama watoto alikuwa akizisikiliza siku za kufua.

Sindano ilishuka. Sauti ikatoka safi, haina mkwaruzo hata mmoja. Mzee akaanza kupumua.

Mama Santuri akaligeuza jalada.

"Babu, hapa kwenye saini ni mwaka gani?"

"Sabini na sita. Nakumbuka kama jana."

"Na hapa nyuma wamechapa sabini na tisa. Alitia saini nyimbo ambazo hajaziimba?"

"Alikuwa mtu wa kuona mbali."

"Ah, babu! Bomba linalovuja ni lako!" Alicheka, kisha akaacha. "Jalada safi la hii wateja wananiulizia kila wiki." Akataja bei. Ilitosha lenzi, na nauli juu. "Hili ulilolichora, nusu."

Mzee alilowesha kidole mate akaanza kusugua. Wino ukatanda, karatasi ikanyofoka.

"Acha! Unalimaliza!"

"Mwanangu, mke wangu anapofuka."

"Hiyo sasa ni hadithi ya ngapi?"

Akatoa karatasi ya hospitali mfukoni. Mama Santuri akaisoma mara mbili.

"Siwezi kununua uharibifu wako kwa bei ya kitu kizima," alisema taratibu. "Na hiyo saa mkononi?"

Mzee alifungua kinywa. Hadithi nyingine ilikuwa inakuja, ya waziri, na tumbo la mamba, na dhahabu. Akakifunga.

"Ya chuma tu. Walinipa siku ya kustaafu. Inachelewa dakika tano."

Akaivua. Mama Santuri akaipima kiganjani, akaongeza nusu iliyobaki.

"Kimbia. Ni saa kumi kasorobo."

"Kwa saa ipi?" mzee aliuliza, ameshafika mlangoni.

"Ya ukutani, babu. Kimbia!"