Funda la Maji la Bibi Redio

Mtaani walimwita Bibi Redio, tena redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Ukimpa shikamoo, ulipewa marahaba, habari za goti lake, za jirani, na za paka wa jirani. Mjukuu wake sasa! Miaka mitano, na maneno yake yote hayakujaza kiganja. Huyo walimwita Kisoda, kama kile kifuniko cha chupa, kwa udogo wa kimo na kwa jinsi alivyojifunga.

Wapo waliosema mtoto ni kiziwi. Masikio yakapimwa, yakakutwa mazima. Ndipo mama yake, aliyebanwa na kazi ya zamu, akamwomba Bibi ampeleke mtoto kwa mtaalamu wa usemi. Mtaalamu alikuwa binti mpole, mwenye chumba kilichotandikwa mkeka, viti vinavyoishia gotini, na kadi za picha zilizobanwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo.

"Anasikia, bibi," binti akaeleza. "Ila maneno kichwani mwake yanapita mlango mwembamba. Ukiyatuma kumi kwa pamoja, yanakwama. Mpe moja. Kisha nyamaza, hesabu mpaka kumi, mwache ajibu mwenyewe."

"Hilo tu? Mbona rahisi!"

Bibi akamwinamia mjukuu. "Kisoda, unataka nini?" Halafu, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara: "Moja! Mbili! Tatu!"

Kisoda aliruka, akajificha nyuma ya kiti.

"Moyoni, bibi. Unahesabu moyoni."

"Mwanangu, moyo wangu na mdomo wangu ni chumba kimoja. Hakina hata pazia."

Na siku zilikuwa zinakimbia. Ijumaa ile Kisoda alitakiwa kuonana na mwalimu mkuu wa shule ya mtaa wa pili. Sharti lilikuwa moja: mtoto aombe kitu kwa kinywa chake, maji au choo au chochote, ili ijulikane kwamba akiwa na shida atasema. Akishindwa, arudi mwakani. Mwaka mzima tena wa kusimama dirishani akiwatazama wenzake wakipita na mabegi!

Nyumbani akajaribu. Aliuliza, akang'ata ulimi, akahesabu mpaka nne, maneno yakamponyoka: "Maji? Chai? Choo? Au usingizi?" Kisoda akafumba macho.

Jumanne asubuhi, Bibi akiwa anasukutua baada ya kupiga mswaki, akili ikamjia. Mdomo wenye maji hausemi! Tangu hapo, kila akimuuliza mtoto neno moja, alipiga funda la maji, akavimbisha mashavu, akakunja vidole kumi kimoja kimoja, akingoja.

Fundi cherehani wa nyumba ya jirani alikuja na gauni la Bibi akamkuta hivyo.

"Shikamoo, bibi."

Bibi akamkodolea macho.

"Bibi, nimekukosea nini? Kama ni ule upindo, nitaufumua leo hii!"

Mashavu tu. Fundi akatoka kinyumenyume kama anayeondoka mbele ya chui. Kabla jua halijafika utosini, watu watatu walikuwa wamekuja kumjulia hali mgonjwa, mmoja na malimau. Subira huvuta heri, wanasema. Hawakusema kuwa huvuta na wageni.

Lakini Jumatano, kwenye funda la nne, Kisoda alimtazama Bibi, akatazama kabati, akasema: "Mkate."

Kwa furaha Bibi aliyameza yale maji, yakapita njia isiyo yake, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Mtoto alimpigapiga mgongoni kama mama mtu mzima.

Ijumaa ikafika. Getini Bibi akatoa chupa, akapiga funda. Ofisini walimkuta mwalimu mkuu, mama mwenye miwani iliyoteleza mpaka ncha ya pua, na mbele yake fomu na kengele ya shaba.

"Karibuni, kaeni. Haya mtoto mzuri, jina nani, una miaka mingapi, umekuja na nani, unapenda kuchora au kuimba?"

Kisoda alitazama midomo ya mwalimu, kisha akatazama sakafu. Bibi majibu yote manne alikuwa nayo. Yalikuwa yamejipanga nyuma ya meno, yanaogelea.

"Bibi, huyu mtoto anaongea?"

Bibi akaitikia kwa kichwa. Kumeza angeweza, ila alijijua: akifungua, hafungi tena hadi jioni.

"Na wewe je, unaongea?"

Bibi akaonyesha mashavu. Mwalimu akashusha pumzi, akashika kalamu, akaanza kuandika juu ya fomu: *Arudi mwaka*... Macho ya Bibi yakajaa maji kama mdomo.

"Ngoja."

Kisoda alikuwa ameinua viganja vyote viwili. Kalamu ikasimama. Mwalimu mkuu, ambaye ofisini mle hakuna aliyewahi kumwambia angoje, akangoja. Vidole vikakunjwa kimoja kimoja. Kilipobaki kidole gumba, mtoto akasema:

"Mwalimu. Ndoo." Akamnyooshea Bibi kidole. "Bibi. Maji. Ateme."

Mwalimu alinyanyuka kuifuata ndoo ya takataka, lakini kicheko kilimwahi Bibi. Maji yakaruka, yakaosha fomu, miwani na kengele.

Mwalimu mkuu alifuta miwani yake taratibu.

"Sharti lilikuwa aombe kitu," akasema. "Ameomba ndoo. Aliyechelewa kuileta ni mimi."

Akatoa fomu nyingine, kavu. Safari hii aliuliza moja tu, "Jina lako?", akatulia. Sita, saba, nane... Kisoda akalitaja jina lake, lile la kwenye cheti, lote, polepole kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa pomoni.

"Vizuri sana. Na amezaliwa lini, bibi?"

Bibi akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, haukutoka hata upepo. Machozi ya furaha ndiyo yaliyotangulia. Mwalimu akataka kurudia swali.

"Ngoja," Kisoda akamwambia, akaanza kumkunjia bibi yake vidole.