Pengwini Aliyekaa Kimya

Miaka kumi na mmoja Muriuki alikuwa akiwatazama pengwini: kwanza kisiwani, huko kusini kabisa mwa dunia, kisha kwa kompyuta akiwa ofisini Minneapolis, Marekani, na sasa kitandani, sebuleni kwake Inver Grove Heights, saratani ikimmaliza. Kazi yake ilikuwa kujua wageni wanaokuja kwa meli huwafanya nini ndege wale. Alikuwa akiweka yai la bandia chini ya pengwini anayeatamia, na ndani ya yai hilo chombo cha kunasa mapigo ya moyo.

"Mama Njeri, kuja uone," alimwambia mkewe Keziah Jumamosi hiyo mchana.

Kwenye skrini watalii walisimama hatua chache kutoka kiotani. Pengwini hakutikisika. Chini ya picha, mstari wa mapigo ulikuwa ukipanda.

"Watu husema ametulia," Muriuki alisema. "Hawezi kuacha yai, ndiyo maana anakaa. Lakini ana-suffer."

Keziah alikuwa nesi hospitalini Maplewood, hakuhitaji kuelezwa zaidi, na maneno yale yalimchoma. Wiki nzima nyumba yao haikuishiwa watu. Wakenya wa kanisa lao hawajui kumwacha mgonjwa apumue. Huja makundi kwa makundi na chupa za chai na nyimbo za kitabu kizima, na ole wako uwafungie mlango, utasemwa mpaka Kenya.

"Leo wasije," Muriuki aliomba. "Nataka kumrekodia Njeri. Akifika kesho pengine sitaweza kuongea."

"Hawataingia," Keziah aliahidi. Akawasha simu irekodi, akamwekea kifuani.

Hapo hapo kengele ikalia.

Alienda mlangoni akiwa amejikaza. Nje alisimama Joan, mwenyekiti wa akina mama, na watu tisa nyuma yake, theluji mabegani.

"Tume-drive kutoka Eden Prairie na hii snow yote, mama. Dakika tano tu."

Keziah alifungua kinywa awarudishe. Akawakaribisha. Aliuchukia ulimi wake, lakini tayari walikuwa wakivua viatu.

Wakakizunguka kitanda, wakaanza kuimba. Muriuki alifumba macho, mikono juu ya blanketi.

"Ona vile ametulia," Joan alinong'ona.

Keziah alitazama kidude cha kupimia mapigo kidoleni mwa mumewe. Mia na kumi na nane. Mia thelathini na moja. Alijua maana yake kuliko mtu yeyote chumbani mle. Nitawaambia wimbo huu ukiisha, alijisemea, kisha akaenda jikoni, maana wageni hawawezi kukaa bila chai. Wimbo uliisha, wakaanza mwingine. Alikuwa akipanga vikombe waliponyamaza ghafla.

"Ameenda vizuri, mama," Joan alikuja kumwambia, akimshika mabega. "Alikuwa ametulia kabisa."

Keziah alitamani kumpiga kofi, na baada yake ajipige mwenyewe.

Kesho yake Njeri alifika kutoka uwanja wa ndege, akaomba kumsikia baba yake. Keziah hakuwa na la kumpa ila simu ile.

"Njeri, mwanangu, sikiliza," sauti ya Muriuki ilianza, polepole. Kisha kengele. Kisha, kwa mbali, sauti ya Keziah mwenyewe, laini, ya mwenyeji mwema:

"Karibuni. Karibuni sana."

Zilizobaki zilikuwa nyimbo.