Kura ya Verlene Stamper

Diwani Verlene Stamper alisogeza kiti chake kwenye meza ya madiwani. Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi, na kufikia saa sita Kaunti ya Tolliver ilitakiwa iwe imepeleka jibu. Serikali kuu ilikuwa ikiupanua mpango wake wa kuinua uchumi wa kaunti za milimani. Tolliver, iliyoachwa nje tangu mwanzo, safari hii iliitwa. Madiwani walikuwa watatu. Mmoja alikwisha kukubali. Mwenyekiti, Hobart Crisp, alikataa katakata.

Kwenye safu ya tatu, kofia magotini, aliketi Orin, mume aliyeishi naye miaka thelathini na mmoja. Asubuhi ile, kahawa ikiwa mezani, alikuwa amemwambia: "Serikali ilimtoa baba shambani kwake, ikapajaza maji ya bwawa. Ukiikaribisha tena, Verlene, usiniulize lolote."

"Wanataka tutie sahihi kwamba kaunti yetu iko hoi," Hobart alinguruma. "Nani yuko hoi? Babu yangu alikula magugu, hakula cha kuomba!"

"Hobart, wewe hata ukiwa ndani ya jeneza utasema ni mafua tu!"

Watu waliangua kicheko, kisha kikakatika ghafla walipogeuka wakamwona aliyesema. Alikuwa Darla Mabry, aliyemzika mama yake mwezi wa Machi.

Darla akasimama. "Gari la wagonjwa lilifika ng'ambo ya daraja la kijito chetu, likakwama pale. Daraja halibebi gari zito, mnajua wenyewe. Ikabidi lizunguke maili kumi na tisa. Nilikuwa nimemshika mama mkono, naziona dirishani zile taa zikienda zake." Akamgeukia Hobart. "Niiteni hoi. Niiteni mtakavyo. Mimi nataka daraja."

Hobart alitazama saa ya ukutani.

"Umebaki wewe, Verlene."

Verlene alimtazama Orin; Orin alikuwa akiitazama sakafu. Verlene hakusahau yule mzee, baba mkwe wake, alivyokaa barazani kwa watu miaka tisa, uso ameuelekeza bwawani. Yeye ndiye aliyemwosha siku alipokufa. Uchungu wa Orin haukuwa wa kubuni.

"Liandikwe hivi," alisema. "Tolliver haitashiriki kazi yoyote itakayomnyang'anya mtu shamba bila ridhaa yake. Likiandikwa hilo, kura yangu ni ndiyo."

Orin akainuka, akavaa kofia, akatoka. Mlango aliurudisha taratibu. Heri angeubamiza.

Karatasi ya jibu ilipelekwa zikiwa zimebaki dakika sita.

Nje, Verlene alilikuta gari palepale, Orin ndani, mikono kwenye usukani.

"Nimeliwasha mara mbili," alisema bila kugeuka.

"Mbona hukuondoka?"

"Ungerudi na nani?"

Walipofika njia panda, Orin alipunguza mwendo.

"Hilo la mashamba, limeandikwa kwa wino?"

"Kwa wino. Na Hobart, kama mwenyekiti, ametia sahihi."

Orin hakumsemesha tena mpaka Jumapili. Kiangazi kile Tolliver iliingizwa kwenye mpango, na kazi ya kwanza ikawa daraja. Wakandarasi walipokosa mahali pa kuweka vyuma vyao, Orin aliwafungulia malisho yake ya chini, akawakemea wasisahau kufunga lango.