Sakafu ya Mninga ya Flora

Lukresia aliidharau nyumba ya mwanawe tangu siku aliyoingia. Sakafu yenyewe haikuwa na kasoro. Ilikuwa ya mbao za mninga, imelazwa sebule nzima, na pale mtaani Kamunyonge hakuna jirani aliyekuwa na kitu kama hicho. Alichokidharau ni mikono iliyoachiwa kuitunza.

Alikuwa ametoka kijijini Buswahili kuja Musoma kutibiwa macho, na daktari alitaka amwone kwa wiki tatu. Mkwewe, Flora, alimpokea mlangoni huku akiangalia miguu yake.

"Mama, vua ndala hapo. Na usipite katikati. Hii siyo kama ile yenu ya kusiriba mavi ya ng'ombe. Hii inatunzwaga."

Lukresia akavua. Hakumwambia kwamba kabla ya kuolewa alifanya kazi miaka minane kwenye nyumba ya masista kule Bunda, ambako sakafu za mbao alizing'arisha yeye, kwa magoti yake. Amwambie ya nini? Mtu ambaye hata shikamoo hakuikumbuka!

Kesho yake akauona huo utunzaji. Flora alimwaga ndoo nzima ya maji yenye sabuni ya unga, akapiga deki kama anaosha banda la samaki, kisha akaenda zake kupaka rangi kucha. Maji yakabaki yamesimama kwenye maungio ya mbao. Lukresia akabetua mdomo. Mjinga, akasema moyoni. Tena mjinga mwenye viatu maalumu vya kuvalia ndani.

Ikawa ndoo kila asubuhi. Wiki ya pili, Lukresia akienda chooni alihisi kwa nyayo kingo za mbao zimeanza kunyanyuka. Akanyamaza, na moyoni akafurahi. Wiki ya tatu jumuiya ya kanisa ilikuja kusali pale, na mwenyekiti wao, mama mmoja mnene aitwaye Eunice, akajikwaa kwenye ubao uliovimba, akaanguka mzimamzima hata rozari haijaanza.

"Fundi katuuzia mbao mbichi!" Flora akalia kwa mumewe.

Bonifasi akamwita fundi, Keraryo. Akaja, akapiga goti, akabandua ubao mmoja. Chini yake kulikuwa na unyevu na ukungu mweupe.

"Hii mnaioshaga na maji?"

"Sasa tuoshe na nini?" Flora akauliza.

Lukresia akacheka kwa sauti. "Inafagiwa kwa ufagio laini. Inafutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa mpaka kikauke, unafuata mistari ya ubao. Kisha nta kidogo, unasugua. Nililijua hili tangu siku ya kwanza."

Keraryo akatikisa kichwa kukubali. Bonifasi akamgeukia mama yake.

"Ulijua? Ukakaa unaangalia wiki tatu?"

"Niliambiwa nisipite katikati. Nikakaa pembeni."

"Mimi sikukuambia hivyo, Mama." Hakupandisha sauti. "Hii sakafu nimeihangaikia miaka minne. Mimi nilikukosea nini?"

Lukresia akautazama ubao uliobanduliwa. Kumbe wiki tatu zote alikuwa akimtazama Flora tu. Hakuwahi kufikiri kwamba mbao zile ni za mtoto wake.

Keraryo akang'oa mbao, akazianika kivulini mpaka zikakauka, akazipiga msasa na kuzirudisha. Sita hazikufaa tena. Lukresia akaongeza siku zake, na sakafu ilipokuwa tayari akamshikisha Flora kazi.

"Kamua. Kamua tena. Hicho ni kitambaa au ni Mto Mara?"

Flora akakamua, machozi yakimlengalenga, kucha zake zimebanduka rangi. Alifuta vibaya, akikatiza mistari ya ubao, na Lukresia akamdharau vilevile. Lakini akapiga magoti pembeni yake, akaushika ule mkono na kuuelekeza.

Siku ya kuondoka, Bonifasi alimbebea mfuko mpaka kwenye gari.

"Daktari kasema nirudi mwezi wa nane," Lukresia akasema.

"Sawa, Mama. Safari hiyo utafikia kwa dada Jeska."

Jeska, binti yake mkubwa, alikuwa amepanga chumba kimoja hapohapo Musoma, yeye na watoto wanne. Lukresia akaingia kwenye gari, akafunga mlango mwenyewe.