Kimo cha Fuawe

Wote waliokuja kumpa pole mhunzi baada ya kiharusi walikuja na methali ileile: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Waliitoa kwa upole, wakamaliza chai yao, wakaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kushika koleo, na methali yenyewe haisemi lolote kuhusu kuvunjika kwa mhunzi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala pajani kama si wake, mguu nao umegoma, na yeye akabaki kwenye kiti cha plastiki barazani akitazama banda lake tupu.

Banda lilikuwa tupu kwa sababu mdogo wake, mtu mwenye haraka ya kusaidia, aliuza vifaa vyote kama vyuma chakavu wakati kaka yake bado yuko hospitalini. Alidhani ndiyo basi tena. Fuawe ya kufulia chuma, nyundo, makoleo, vyote vilipimwa kwenye mizani kama viazi. Likabaki gogo la fuawe tu, limezama ardhini, kwa sababu hakuna anayenunua gogo kwa kilo.

Binti wa mhunzi alikuwa fundi wa kuchomea mageti upande wa pili wa barabara. Hakugombana na baba yake mdogo, ingawa huyo alistahili kugombezwa. Aliamua kumjengea baba karakana upya, na moyoni alijiambia kwamba siku baba atakapouona moto, atasimama. Maneno ya daktari, kwamba mguu ule hautarudi, yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Alianzia kwa muuza vyuma chakavu, ambaye mtaa mzima ulimwita Sumaku.

"Fuawe ya mzee iliondoka na lori, dada," Sumaku alisema. "Usinitazame hivyo, mimi naletewa, siibi. Chukua hiki kipande cha reli. Kimebeba treni, wewe hutakishinda."

Kila jioni akitoka kazini alijenga. Rimu ya lori ikawa jiko la mkaa, akaikandika udongo ndani na kuitoboa chini kupitisha bomba la hewa. Upepo aliutoa kwenye gurudumu la baiskeli la kuzungusha kwa mkono, lililovuta mkanda wa tyubu, na mkanda ukazungusha feni iliyong'olewa kwenye gari bovu. Makoleo aliyafua kwa nondo, na jozi ya kwanza ilitoka imepinda taya kama mtu mwenye jino bovu.

Kwenye reli ndipo alipojivunia. Kanuni ya baba yake ilikuwa kwamba uso wa fuawe ukutane na ngumi ya mhunzi aliyesimama, mkono ukining'inia. Baba alikuwa mrefu. Binti akaifunga reli juu ya gogo, akaweka mabati mazito chini yake hadi ikafika palepale pa zamani, pale alipokuwa akiegemeza kidevu utotoni.

Siku ya siku akakisogeza kiti cha baba hadi bandani. Mzee alitazama kimoja kimoja. Akazungusha gurudumu kwa mkono wa kushoto, mkaa ukavuma, naye akacheka. Makoleo aliyacheka zaidi. Ila alipofika kwenye reli, kicheko kikakatika.

"Mama," alisema, kwani binti alirithi jina la bibi yake. "Kimo hiki amepima nani?"

"Mimi. Ni kilekile chako."

"Nimeona."

"Basi jaribu kusimama, Baba. Nitakushika."

Mzee aligeukia moto. Alimwonyesha kwa kidevu kipande cha springi kilichokuwa motoni. "Fua wewe kwanza."

Akafua. Bega lilimpanda hadi sikioni, nyundo ikawa inatua kwa ukingo, na kila pigo likaacha alama ya mwezi mchanga kwenye chuma.

"Unapiga kama mtu anayebisha hodi darini," baba alisema.

Binti akaitupa nyundo chini. Hasira ilimjaa, na chini ya hasira kulikuwa na hofu. "Mimi ni wa kuchomea. Hii si yangu, ni yako. Nimeijenga usimame."

"Najua. Nimekaa barazani jioni zote nikikusikia, namwomba Mungu usimalize."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilijua ukimaliza nitalazimika kukwambia. Sitasimama, mwanangu."

Alisema bila kunung'unika, kama anayetaja hali ya hewa. Binti alilia palepale, amesimama, machozi yakichora njia kwenye masizi. Baba alimwacha alie. Alipotulia, akamwambia, "Njoo karibu na reli. Shusha mkono. Kunja ngumi."

Ngumi ilining'inia chini ya uso wa reli kwa upana wa kiganja kizima.

"Umeona? Hapo hata mimi ningekuwa na urefu wako ningeharibu. Toa mabati. Mabati peke yake hayatoshi, lete na msumeno."

"Gogo ni lako, Baba. Likikatwa halirudi."

"Ndiyo maana nalikata mwenyewe."

Akasogezewa kiti. Binti alilishika gogo, mzee akakata kwa mkono wa kushoto, akihema, akipumzika, akikata tena. Msumeno ulikwenda upogo. Binti alitamani kumpokea, akajizuia. Kipande kilipoanguka, mzee alikitazama kidogo, kisha akakisukuma kando kwa mguu mzima.

"Kukata upogo ni kwa msumeno," alisema. "Kusawazisha ni kwako, fundi mageti."

Reli iliporudi juu, ngumi ya binti iliigusa bila kuitafuta. Mzee akavutiwa kiti hadi kwenye gurudumu la baiskeli, akalishika kwa mkono wake mmoja na kuanza kulizungusha. Mkaa ukageuka mwekundu, kisha wa manjano. Binti akapiga, na safari hii nyundo ikatua bapa.

"Tena," baba alisema. "Upepo upo."